Shuka Lililofuliwa Kabla ya Kikao

Miaka haibishi hodi. Huingia nyumbani kimya kimya, ikaketi, ikala, ikalala, na mwenye nyumba hugutuka siku aonapo katika kioo ndevu zake zimekuwa nyeupe pepe, akajiuliza wageni hawa wamefika lini. Ndivyo ilivyomwingilia Mzee Pasi. Alihamia mtaa ule akiwa kijana mwenye mabega ya kubebea magunia, akapanga vyumba viwili vyenye uwanja nyuma, akafunga kamba sita za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta, na tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka arobaini kasoro miwili, haikupambazuka asubuhi isiyomkuta ameinama juu ya karai, ila iwe ya ugonjwa au ya msiba.

Jina alilopewa na wazazi wake analijua Mola wake, na mkewe, na karani wa vitambulisho. Wengine wote humwita Mzee Pasi, kwa kuwa alikuwa dobi, tena dobi wa zama za kabla ya mashine. Nguo aliiloweka, akaifua kwa sabuni ya kipande, akaisuuza mara tatu. Zile nyeupe akazipitisha katika maji ya buluu, mashati ya kazini akayatia wanga, kisha akayanyosha kwa pasi ya mkaa iliyokuwa nzito kama dhamana ya yatima. Nguo ya kila mteja aliitia alama ya uzi kwenye pindo: mwekundu wa mwalimu, kijani wa mwenye duka, njano wa mkunga. Alimjua mtu kwa ukosi wake kabla ya kumjua kwa uso, na aliyoyaona katika mifuko na mashuka ya watu hakumhadithia yeyote, maana aliamini kwamba siri ya nguo ni amana, na amana hiyo ataulizwa.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Yeye alifua na kupiga pasi. Mkewe alianua na kukunja. Na mashuka makubwa waliyakunja wawili. Mmoja alishika pembe mbili huku, mwenzake mbili kule, wakalikung'uta mara moja, wakasogeleana hatua kwa hatua hadi mikono yao ikakutana katikati, na bibi akazichukua pembe zote nne. Katika kukutana huko kwa mikono, mara kumi au ishirini kwa siku, ndiko yalikosemwa maneno mengi ya ndoa yao: binti yao amepata kazi, chumvi imekwisha, fulani amefariki, mguu unaniuma. Hawakuwa watu wa kukaa kitako na kuzungumza. Walizungumza mashuka yalipokutana.

Sasa bibi alikuwa hayupo, na huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Hakufa, tunamshukuru Muumba. Aliondolewa na moshi. Nyuma ya mtaa ule palikuwa na shimo pana, ambamo zamani watu walichimba udongo wa matofali. Matofali yalipoacha kufyatuliwa, halmashauri ililiona shimo liko wazi, ikaanza kumwaga humo taka za mji mzima. Malori yalikuja asubuhi. Na kila alasiri, ili kesho kupatikane nafasi, vibarua wa jalala walitia moto. Ikaungua mifuko ya plastiki, mipira ya magari, magodoro na vitu visivyo na jina, na moshi wake mweusi ukatambaa juu ya mapaa hadi jua lilipokuchwa. Watu wa mtaani walijifunza kufunga madirisha saa tisa. Mzee Pasi alijifunza kuanua saa nane na nusu. Lakini kifua cha mkewe hakikuwa na dirisha la kufunga. Kilianza kupiga mluzi, kisha kikabana, kisha usiku mmoja akabebwa mzobemzobe hadi zahanati, na daktari akasema kwa upole kwamba dawa atampa, ila hewa hana ya kumpa. Binti yao, aliyekuwa ameolewa katika mji wa milimani, mwendo wa siku nzima kwa basi, akaja akamchukua mama yake.

"Moshi ukikoma nitarudi," bibi alisema akiwa ameshika mlango wa basi. "Usiniambie umekoma kama haujakoma."

Mzee Pasi alimfuata huko mara mbili. Binti alimpokea kwa taadhima, akampa chumba chenye zulia. Lakini nyumbani kwa binti mlikuwa na mashine ya kufulia, na siku nzima mzee aliketi mbele yake akiitazama inavyozunguka, kama mtu atazamaye mgeni aliyekalia kiti chake. Siku ya nne mikono ilianza kumuuma kwa kukosa kazi. Akarudi kwenye kamba zake sita, akawa mume wa simu.

Kila jioni simu ililia, na salamu zikiisha swali la kwanza lilikuwa lile lile.

"Leo wamechoma?"

"Wamechoma."

"Haya. Umekula?"

"Nimekula."

Hakumdanganya hata siku moja, ingawa kuna jioni ambazo ulimi ulimwasha. Kisha aliingia ndani, akachukua mashuka ya wateja, akayakunja peke yake juu ya meza, akibana pembe moja kwa kidevu. Na pembe hazikupata kulingana.

Usidhani kwamba watu wa mtaa ule walikaa kimya. Waliandika barua tatu, zikatiwa saini na wakazi mia na zaidi, na zote tatu zikapigwa mhuri wa *Imepokelewa*. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wa dobi na ambaye kwa miaka ishirini alikuwa swahibu na mtani wake, alizoea kusema: "Ofisi ile kwa kupokea haijambo. Kinachowashinda ni kutoa." Mwishowe ikaruhusiwa wakazi wafike katika kikao cha kusikiliza kero, na wakafika, na wakasema kwa zamu, mpaka afisa wa mazingira, kijana mwenye miwani na adabu nyingi, alipowajibu:

"Wazee wangu, nawasikia. Lakini ofisi haiandiki ripoti kwa pua. Wenye magari ya taka wanasema moshi hauwafikii ninyi, unapanda juu. Kipimo chetu kimeharibika tangu mwaka jana. Nileteeni ushahidi wa kuonekana kwa macho."

Ushahidi wa macho. Walirudi wameinamisha vichwa. Fundi viatu ndiye aliyesimama katikati ya njia.

"Bwana wewe, kila siku unalalamika masizi yanakuharibia nguo nyeupe. Basi acha yaharibu. Tundika nguo moja, usiianue, tuwapelekee."

"Nguo ya nani?" akauliza Mzee Pasi. "Nimharibie mteja nguo?"

"Ya kwako basi. Ama dobi hana nguo?"

Mzee Pasi akafungua sanduku, akatoa shuka jeupe la kitanda chake mwenyewe, walilolinunua yeye na mkewe mwaka aliozaliwa binti yao, pana, zito, la pamba safi. Akalitundika kwenye kamba ya sita, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaacha nguo juani baada ya saa nane na nusu.

Siku ya kwanza lilipauka. Ya tatu likawa rangi ya majivu. Ya tano wakazi wakaanza kuja kulitazama, mmoja mmoja, kama waendao kumjulia hali mgonjwa. Mama muuza mboga alipitisha kidole, kikaacha mstari mweupe, akamwonyesha Mzee Pasi ncha yake nyeusi.

"Baba, huu si moshi. Huu ni wino."

"Usiliguse tena, mwanangu. Ni la serikali hilo."

Mzee Pasi alicheka aliposema hivyo, lakini kulitazama kulimtesa. Mara ngapi alipita kamba ya sita na mkono ukaenda wenyewe kwenye vibanio. Aliurudisha mkono nyuma kama mtu amkatazaye mtoto. Siku ya nane shuka lilikuwa jeusi kotekote, isipokuwa pale palipobanwa, na kikao cha pili kilikuwa kesho yake, Jumanne, saa nne asubuhi.

Alfajiri ya Jumanne, alipomaliza kuswali, simu ililia. Haikuwa saa ya mkewe kupiga.

"Leo ndiyo siku yenyewe?" bibi akauliza. Sauti yake ilikuwa nyepesi, haina mluzi.

"Ndiyo siku yenyewe."

"Nimeota niko uwanjani naanua. Nguo nyingi, na wewe unanihimiza mvua inakuja. Nikaamka nikatafuta kapu." Kisha akasema, "Mwenzangu, nimechoka kuwa mgeni. Mwanangu hana kosa, ananitunza kama yai. Lakini nimechoka kuomba ruhusa ya kuchemsha maji."

"Utarudi, bibie."

"Waambie vizuri. Usiwaogope."

Simu ikakatika, na Mzee Pasi akatoka nje uwanjani bado amesimama katika ile ndoto. Alimwona mkewe kati ya kamba na kamba, mikono juu, vibanio viwili mdomoni kama ilivyokuwa desturi yake, akimjibu kwa mguno kwa sababu midomo imejaa. Akili ilikuwa huko. Mikono ilikuwa hapa. Na mikono ya mtu aliyefua miaka arobaini kasoro miwili haingoji amri. Ilikwenda kamba ya kwanza hadi ya sita, ikaanua kilichotundikwa, ikakitia kati ya nguo za wateja zilizongoja kufuliwa, ikatenganisha nyeupe na za rangi, ikaloweka, ikasugua, ikakamua. Ilipofika kwenye kitu kichafu kupita kiasi iliongeza sabuni, ikakirudia, ikakitia buluu. Jua la asubuhi lilikuwa kali na upepo ulikuwa mwema. Saa tatu shuka lilikuwa juu ya meza, na pasi imekwisha kupita upande mmoja, ndipo Mzee Pasi alipoligeuza pindo, kama alivyofanya kwa kila nguo, kutafuta uzi wa mwenyewe.

Hapakuwa na uzi. Nguo moja tu katika nyumba ile haikuwa na uzi.

Aliketi juu ya kigoda. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Ewe Mola wangu, nimefanya nini," kisha, kwa kuwa pasi ilikuwa ingali ya moto na shuka limenyoshwa nusu, akainuka akamalizia upande wa pili.

Fundi viatu alimkuta mlangoni na kifurushi kwapani.

"Ushahidi uko humo?"

"Umo."

"Mbona kifurushi kinanukia sabuni?"

Fundi viatu akainua pembe ya karatasi, akachungulia, akairudisha taratibu kama mtu afunikaye chungu cha mwenyewe.

"Umelifua."

"Nimelifua."

"Na pasi juu."

"Na wanga kidogo."

Walitembea hatua nyingi. Mwishowe fundi viatu akasema, "Alhamdulillahi hukuitwa kwenye kesi ya mauaji, ndugu yangu. Ungemwosha marehemu, ukamvisha na tai."

Mzee Pasi alitaka kurudi. Mwenzake akamshika kiwiko, akamwambia kwamba wakazi arobaini wanangoja ukumbini, na kwamba aibu ya kufika ni ya saa moja, ya kutofika ni ya umri uliobaki. Wakaendelea.

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na viti vya plastiki, feni mbili za darini, moja yao ikizunguka, na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Katikati aliketi diwani, mwanamke wa makamo asiyekuwa na maneno mengi. Kando yake yule afisa wa mazingira. Dobi alipoitwa alikwenda mbele, akafungua karatasi, akashika pembe mbili, na kwa kuwa mazoea hayaachi, alilikung'uta mara moja. Shuka likatanda mbele ya watu wote, jeupe, limenyooka, halina doa hata la kusingizia.

Kisha mtu wa nyuma akacheka, na kicheko kikaenea safu kwa safu. Hata wale waliokuja kumuunga mkono waliangalia chini, mabega yakitikisika. Afisa akavua miwani.

"Mzee wangu, shuka hili ni jeupe kuliko karatasi zangu. Ndilo lililokaa siku nane kwenye moshi?"

"Ndilo, mwanangu."

"Basi wenye magari wamesema kweli."

"Hawakusema kweli. Lilikuwa jeusi kama chungu, majirani hawa wamelishuhudia. Asubuhi hii nikalifua bila kujijua. Mimi ni dobi. Kitu kichafu kikipita mikononi mwangu, hakitoki kichafu."

Kicheko kikapungua. Maneno aliyoyapanga Mzee Pasi usiku kucha yakamtoroka. Akabaki na lile moja alilokuwa nalo tangu miaka mitatu.

"Mheshimiwa diwani, sikuja na ushahidi. Nimekuja na ombi. Uchafu wa nguo nauweza. Nileteeni nguo yenye grisi, yenye damu, yenye kutu, nitawarudishia mvae. Lakini moshi ule umeingia katika kifua cha mke wangu, na humo mikono yangu haifiki. Amekaa kwa binti yake miaka mitatu. Hatukugombana, hatukuachana. Kila jioni ananiuliza kama mmechoma, na kila jioni namwambia mmechoma. Sisi ni wazee. Jioni zilizobaki si nyingi kiasi hicho. Nilikuwa naomba, kama inawezekana, siku moja nimpe jibu jingine."

Akaanza kulikunja shuka peke yake, pembe moja chini ya kidevu. Hapakuwa na aliyecheka.

Diwani alimtazama mpaka alipomaliza, kisha akamgeukia afisa. "Shuka jeusi tungelipokea kwa namna gani? Tungejuaje lilichafukia wapi? Jikoni? Gereji?"

Afisa akafikiri. "Pangekuwa na ubishi, Mheshimiwa."

"Na hili?"

"Hili ni safi. Tumeliona sote."

"Basi litie saini."

Afisa akatoa kalamu, akaweka saini na tarehe kwenye pembe ya shuka, na Mzee Pasi akafumba macho ili asione wino ukiingia kwenye pamba. Ikaamuliwa litundikwe kwenye kamba ile ile siku nane nyingine, na afisa mwenyewe afike kila alasiri kulikagua. Wakati wa kutoka fundi viatu alimnong'oneza: "Safari hii nakufunga mikono, na kamba ya viatu ninayo."

Afisa alikuja siku ya kwanza na shati jeupe na daftari. Siku ya pili alikuja na kitambaa puani. Siku ya nne alikohoa hata akapewa kigoda na maji, na mzee akamwambia, bila kejeli, "Leta shati hilo nikufulie, mwanangu, lisije likakaa na harufu." Siku ya sita hakuandika kitu. Alisimama mbele ya shuka, akapitisha kidole, akatazama jalala linavyofuka, akauliza kama huyo bibi alikuwa akikaa chumba kipi. Mzee Pasi akamwonyesha dirisha. Afisa akalianua shuka yeye mwenyewe, siku mbili kabla ya muda, akaondoka nalo.

Mambo ya ofisi hayaendi kwa kasi ya machozi. Ulipita mwezi kabla ya kutolewa amri kwamba taka zisichomwe tena bali zifukiwe kwa udongo, na ukapita mwingine kabla ya vibarua kuitii. Alasiri ya kwanza isiyo na moto, watu walitoka nje wakatazama juu kama waliosahau rangi ya mbingu. Mzee Pasi hakupiga simu. Bibi alipouliza, alisema, "Leo hawakuchoma. Lakini ngoja." Alingoja siku arobaini kamili, na ndani yake mlikuwa na mbili ambazo mtu alitia moto kwa wizi, nazo alimwambia. Siku ya arobaini na moja hakungoja kuulizwa.

"Bibie, naona haya kusema, nisije nikakuletea ugonjwa kwa tamaa yangu. Ila naona kama umekoma."

Upande wa pili kikasikika kiti kikiburutwa. Kisha alisikia binti yao akiita kwa mbali, "Mama, unatafuta nini juu ya kabati?"

Binti alishurutisha waanze kwa majaribio: wiki moja tu, na dawa zote mkobani. Bibi akafika na begi dogo la nguo za siku saba. Miaka mitatu ilikuwa imempunguza mwili na kumwongezea mvi, na mumewe alipompokea kwenye basi alijiona kama mtu aliyepewa mtu mwingine wa kumfahamu upya. Walikwenda njia nzima wakiongea habari za barabara. Usiku mzee alilala macho, akisikiliza kifua cha mkewe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu bibi akamwambia, "Lala, mzee. Nikitaka kufa nitakuamsha."

Siku ya saba ikapita bila mtu kuitaja. Ya nane ikapita. Mzee Pasi alifua, akaanika, wala hakuuliza, kwa kuwa kuna maswali ambayo mtu huogopa kuyaamsha. Siku ya kumi aliingia chumbani kutafuta buluu, akaliona lile begi dogo. Lilikuwa tupu, limekunjwa vizuri, limewekwa chini kabisa ya sanduku, chini ya mablanketi ya msimu wa baridi, mahali ambapo huwekwa kitu kisichohitajiwa kwa siku za karibuni. Alilifunika sanduku polepole, akatoka.

Basi tunamwomba Mwenyezi Mungu, Mwenye kurehemu, amjalie mzee huyo na mkewe pumzi nyepesi katika jioni walizobakiza, ambariki binti yao aliyemtunza mama bila manung'uniko, na kizazi kitakachotoka kwake, ampe swahibu wake fundi viatu afya na ulimi wake ule ule, na awajaze huruma wote waliokabidhiwa malalamiko ya watu. Na kila aliyetenganishwa na wake kwa jambo lililo mikononi mwa wanadamu, Mola amkutanishe nao kabla siku hazijaisha. Amina.